Manowari Kumi na Saba za Bi Zuhura

Jumatatu, 10 Februari
Picha ya Bi Zuhura imepotea. Juzi Jumamosi, baina ya adhuhuri na alasiri, nilipokwenda kuswali na kula. Leo nimekata fremu nne kama kawaida, mbili nimekosea vipimo. Mimi! Ni mchoro wa kale uliopigwa chapa kwa bamba la shaba: manowari kumi na saba zikipita mbele ya ngome, ukumbusho wa ushindi wa vita wa watu wa mbali huko kwao. Marehemu mumewe alitunukiwa alipoacha ubaharia. Fremu imebaki. Karatasi haipo.

Jumanne, 11 Februari
Bi Zuhura amekuja. "Mwanangu, nilikupa amana. Wanirudishia mbao?" Fundi cherehani wa jirani akacheka: "Manowari zimeng'oa nanga, fundi?" Miaka ishirini na miwili nimejenga jina hapa Malindi, nilianza kwa kufagia vumbi la mbao za wenzangu. Leo naitwa mwizi. Nikaghadhibika. Nimetangaza msikitini, mwalimu wa kisomo akiwa kando yangu: Ijumaa baada ya alasiri yasomwa halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Aliyechukua aapizwe, yamfike.

Jumatano, 12 Februari
Naogopa. Nimeitazama fremu vizuri. Misumari ya nyuma ilikuwa kumi na minne. Yote kumi na minne imo ndani ya kopo, haukupinda hata mmoja, vichwa upande mmoja. Mwizi hang'oi hivyo. Mji huu tunaong'oa hivyo ni wawili: mimi, na niliyemfundisha. Binti yangu Maimuna. Jumamosi alipita dukani, akarudi Takaungu kwa mumewe bila kuniaga. Ana mimba ya miezi saba.

Alhamisi, 13 Februari
Mwalimu asema kisomo kikishasomwa hakirudishwi, wala hakimbagui aliye tumboni. Nikiahirisha, watasema mwizi ni mimi. Nimempigia Maimuna mara tisa. Ya tisa kapokea mumewe: "Shikamoo baba. Yupo. Yualia tu."
Ulimi wangu huu.

Ijumaa, 14 Februari
Sijafungua duka. Nimeswali Ijumaa safu ya mwisho. Saa nane kasorobo sasa, zimebaki saa mbili. Fremu tupu i mapajani. Nimemwandikia:
"Mwanangu, sikuulizi kwa nini, wala iko wapi. Ukisema ndiyo, nitasimama msikitini niseme mwizi ni mimi, kisomo kisisomwe. Umechukua au hukuchukua? Neno moja tu. Nijibu kabla ya adhana ya alasiri."