Samaki wa Pili

Mwalimu,

Assalamu alaikum. Najua jibu silipati, lakini kwako sikuwahi kuingia bila kusalimu, na sitaanza leo.

Nimetoka eda. Juzi dadako Zuhura, anayekaa nami tangu ulipofariki, na majirani wawili waliniosha, wakanifukiza udi, wakanifunga leso mpya ambayo sikutaka hata kulisoma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa. Kisha wakanifungulia mlango. Jua lilinipiga machoni nikasimama pale kizingitini kama mgonjwa aliyetolewa wodini, sijui niende kushoto au kulia. Zuhura akanisukuma kidogo mgongoni, akaniambia: "Nenda, wifi yangu. Mji haukuhama."

Mji haukuhama, kweli. Uliyehama ni wewe.

Sasa sikiliza kituko, maana ungekuwepo ungecheka. Ofisi ilinipa likizo ya miezi minne na siku kumi, kama eda inavyotaka. Lakini wao walihesabu kwa kalenda ya ukutani, na eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Miezi yetu mifupi. Kwa hiyo eda imekwisha na likizo ingalipo, na katikati nimebakiwa na siku tatu ambazo si zako wala si za ofisi. Tangu niajiriwe sijawahi kuwa na siku kama hizo. Zikiisha natakiwa niseme neno moja: ama nakubali kustaafu mapema, ama narudi kwenye kiti changu cha ofisi kule bandarini Mbaraki. Leo ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana nakuandikia. Nilizoea kukuuliza, hata kama hukuwa ukinijibu.

Maana hukunijibu, Mwalimu. Unakumbuka kampuni ilipotuambia sisi wakubwa wa idara tuliovuka miaka hamsini kwamba anayetaka kwenda mapema aende na kiinua mgongo chake kizima? Nilikuja mbio nyumbani nikakueleza. Ukavaa miwani, ukaisoma barua yao mara mbili kama unayesahihisha insha, ukanirudishia. Ukaniita kwa jina la utani ulilonipa: "Uamuzi ni wako, Kepteni. Miye nishastaafu." Basi. Ukaenda kuosha vyombo. Nilikununia siku mbili. Nilitaka uniambie acha kazi, nikugombeze, kisha niache. Au uniambie nisiache, nikushukuru. Hukunipa hata kimoja.

Wewe ulijua kazi yangu ilivyo. Meli ikifika nje ya Likoni ni mimi wa kuitafutia gati, rubani, vibarua na wakaguzi. Ikichelewa, mwenye meli aliyelala huko Ulaya huamka akapiga kelele, na kelele zote, zipite zipitako, huishia sikioni mwangu. Simu ikilala kitandani kati yetu kama mtoto, na hatukujaaliwa mtoto. Vidonge vya presha nikivimeza na kahawa. Lakini ulijua pia, na watu hawakujua, kwamba nilikuwa nikiipenda. Mwanamke wa mtaa wa Kuze kumwambia nahodha mwenye ndevu nyeupe asubiri, naye akasubiri! Mshahara huo ndio ulioezua paa bovu ukatujengea orofa ya juu, ndio ununuao dawa za sukari za Zuhura na kuwalipia karo wajukuu zake. Kazi ilinitesa na ilinivika taji, vyote kwa mkono mmoja.

Na wewe ulipomaliza ualimu uliingia jikoni. Kuze nzima ilicheka: Mwalimu kageuka mpishi, mkewe kageuka bwana. Hukujali. Nikirudi usiku nilikuta sahani yangu mezani imefunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili alichokisuka mamako, na wewe umeketi kando na redio yako. Ulikuwa ushakula. Nikifunua, ni samaki changu wa kupaka na wali wa nazi. Nami, kwa uchovu na ulimi wangu usio na breki, nikisema: "Wali mkavu leo, Mwalimu." Ukinijibu vilevile kila mara: "Nazi za siku hizi hazina tui." Nikacheka, nikala. Ulikuwa mzaha wetu.

Siku uliyoanguka msikitini baada ya Alasiri walinipigia simu, nami nikiwa gatini nagombana na mtu wa kreni. Nilipofika ulikuwa ushaletwa nyumbani, na wanaume washaanza kuzungumza habari za sanda. Kitu kimoja kiliniingia akilini kikakaa. Kawa lilikuwa mezani. Zuhura alipolifunua ili aondoe vyombo, nikaona changu na wali, vishapoa. Nikawaza, Mwalimu leo kapika chajio mapema mno. Fikiri, wewe umelala chumba cha pili, nami nawaza saa za chajio. Akili ya mfiwa ni kama kuku aliyechinjwa.

Sikukusindikiza. Unajua sisi wanawake hubaki nyumbani. Nilisikia sauti za wanaume zikienda, zikipungua kila kona ya ule mchochoro, mpaka zikabaki sauti za mafeni ya jirani.

Kisha eda. Wiki za mwanzo simu haikulala. Kadzo, yule binti wa Rabai niliyemfundisha kazi, ndiye aliyekaimu nafasi yangu, na kila jambo dogo alinipigia: nahodha kakataa kutia saini, Mama, nifanyeje? Ukumbini wanawake wanakusomea khitma, nami nimejikunja chumbani nanong'ona habari za matishari ya mizigo. Zuhura akinitazama kwa lile jicho lenu la ukoo. Niliona aibu kidogo, lakini nitakwambia ukweli: simu ile ndiyo iliyonishika nisianguke.

Halafu zikapungua. Kadzo akawa ananipigia kunijulia hali tu. Siku moja simu ilikaa kutwa nzima kimya. Nikaiwasha na kuizima, nikaipeleka dirishani kutafuta mtandao. Mwisho nikamwambia Zuhura anipigie kwa yake, labda imeharibika. Ikalia. Zuhura akanitazama, akakata, akaendelea kutafuna tambuu yake. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Kila aliyekuja kunipa pole alikuwa na ushauri wake. Wengi walisema sasa pumzika, dunia mapito. Zuhura peke yake alisema rudi. "Rudi kazini, wifi yangu. Ndani humu utakwisha." Najua dawa zake ziko kwenye mshahara wangu, naye hakuficha. Lakini najua pia alikuwa ananitazama usoni kila siku, na alichokiona hakikumpendeza.

Na mimi nilikuwa upande wake, Mwalimu. Nilijiuliza swali moja mchana na usiku: nikistaafu, nije kwa nani? Kustaafu kulikuwa wewe. Kulikuwa kahawa na kashata pale ukumbini, safari ya Umra tuliyoiahirisha, na kubishana juu ya redio. Nimebakishiwa kiti na redio. Kule Mbaraki, walau, kuna watu wa kugombana nao.

Basi juzi, nilipotoka, nilikuwa nimeshaamua kurudi kazini. Nikasema nitembee tu, nipitishe hizi siku. Unajua nilichogundua? Siijui Kuze ya mchana. Miaka yote ile nikitoka alfajiri na kurudi gizani. Nilipita vichochoroni nikaona maduka ambayo sikujua yako wazi. Mama mmoja muuza viazi vya karai, hatua chache tu kutoka mlangoni petu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, weye mgeni hapa?" Nikamwambia mimi ni mke wa Mwalimu. Akaacha karai lake, akafuta mikono, akaniombea dua ndefu, kisha akanihadithia habari zako ambazo mimi mkeo sikuzijua. Kwamba ulikuwa ukimsomea barua za mwanawe. Kwamba ulikuwa unaimba ukipita. Unaimba! Kwangu hukuimba hata siku moja.

Nilirudi nyumbani nimeinama. Kule Mbaraki wananijua na washazoea kutokuwepo kwangu. Hapa hata hawakujua nipo.

Jana ndiyo iliyonimaliza. Nilikwenda kununua samaki kwa Bwana Omari, pale kona ya msikiti. Nikamwambia anipe changu mmoja, wa nyumba ya Mwalimu. Akaniangalia, kisu kikabaki hewani.

"Kumbe ndiwe wa samaki wa pili," akasema.

Sikufahamu. Akanieleza, huku akipara magamba bila kunitazama, kama mtu anayeogopa kulia mbele ya mwanamke wa watu. Kwamba kila asubuhi ukinunua changu wawili. Kwamba alikutania, mzee mmoja mwembamba hivyo, changu wawili wa nini? Nawe ukimjibu: "Mke wangu huenda akaya nyumbani tule adhuhuri. Alisema ataya."

Alisema ataya.

Nilikumbuka palepale, na samaki mkononi. Wiki uliyostaafu nilikwambia, kwa furaha tu, nikivaa viatu: sasa upo nyumbani, basi nitakuwa nakuja tule pamoja mchana, Mbaraki si Bara Hindi. Nikaondoka. Nikasahau kabla sijafika kwenye tuk-tuk. Na wewe ukaenda sokoni.

Kwa hiyo sahani ile ya usiku haikuwa chajio. Kilikuwa chakula cha adhuhuri, changu, kinachonisubiri kutwa chini ya kawa. Ndiyo maana siku ile kilikuwa kishapoa. Ndiyo maana wali ulikuwa mkavu. Nazi hazikuwa na kosa lolote.

Nilikukasirikia, Mwalimu. Nilifika nyumbani nikakugombeza kwa sauti mpaka Zuhura akatoka chumbani akidhani nina mgeni. Kwa nini hukuniambia? Simu ulikuwa nayo! Ungesema tu, Kepteni, chakula tayari. Nikapiga kelele mpaka nikachoka, na nilipochoka jibu likaja lenyewe. Ungenipigia ningesema kuna meli. Kesho ungenipigia ningesema kuna meli. Ulijua. Ukachagua kutonipigia, ili nisikukatalie. Ulinisitiri mbele yako mwenyewe. Nimelia jana kuliko nilivyolia siku ya maziko, na sioni haya kukwambia.

Leo asubuhi nimeamua, na sivyo nilivyokusudia juzi. Nimekubali kustaafu.

Usidhani nimepata utulivu. Sijapata. Nitamkosa yule nahodha wa ndevu nyeupe. Mshahara utakatika, na kiinua mgongo si kisima. Zuhura nimemwambia dawa zake zitanunuliwa, ila wajukuu itabidi baba yao aamke. Amenuna, halafu akanishika mkono akakaa nao muda mrefu. Sitakuwa na raha humu ndani. Adhuhuri ya nyumba hii ni nzito, hata feni inaonekana kuzunguka kwa shida. Lakini kuna mahali nilisema nitakuja, na sijafika. Nimechelewa mno, mwenyeji keshaondoka. Nitafika hivyo hivyo.

Nilikwenda kwa Bwana Omari. Hakuniuliza, akafunga wawili, nami nikawachukua. Nimepika mwenyewe. Nazi nimeikuna mpaka nikajikuna kidole, tui likatoka zito, jeupe. Ilipoadhiniwa Adhuhuri nikasali, nikakaa mezani, nikala samaki wangu wa moto na wali laini. Ulikuwa mtamu, Mwalimu. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba nilishindwa kuumaliza. Zuhura hali samaki, unamjua, kwa hiyo yule wa pili akabaki ananitazama.

Nikampigia Kadzo. Nikamwambia kiti ni chake sasa, kesho nitakwenda kutia saini. Nikasikia anapenga kamasi. Nikamwambia asilie, aje nyumbani sasa hivi tule, nimempikia, Mbaraki si mbali.

"Mama, leo siwezi," akasema. "Kuna meli mbili nje. Nitapitia jioni nikitoka. Ama kesho, Mungu akipenda."

Nikamwambia hakuna tabu, mwanangu, fanya kazi.

Basi nikuage, Mwalimu. Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko, na akupe sikio la kunisikia. Nakuahidi adhuhuri nitakuwa nyumbani. Na kila nikienda kwa Bwana Omari nitanunua wawili.

Samaki wa pili nishamfunika kwa kawa la mamako. Kadzo akija jioni akauliza mbona wali mkavu, nitamwambia nazi za siku hizi hazina tui.

Mkeo,
Kepteni