Dirisha yenye ilizibwa ku internat

Kwa mujukuu wangu Kahindo, kule Butembo,

Wavukire. Hapa Beni tuko bazima. Mama yako alivuna maharagi, na mbuzi ilikula kitambaa yangu ya misa. Sasa barua yako. Unauliza ni mujinga gani aliziba dirisha ya chumba yenu na matofali. Kaa chini nikujibu.

Nyumba ile ilikuwa depo ya kahawa. Kisha baliigeuza internat, nyumba ya kulala ya basichana ba chuo, na sisi ndio tulilala ndani ba kwanza. Madirisha yote ilikuwa juu, karibu na mabati, sababu ya bezi. Tulilalamika kila siku: giza, hewa hapana. Mimi ndiye niliandikia masere directrice, mutawa mukubwa wa internat, barua. Alichoka na sisi, akaita fundi, naye akatoboa dirisha ku ukuta kando ya kitanda yangu.

Tulifurahi siku tatu. Kisha baridi ya Butembo ikaingia. Tuliweka magunia, tuliweka matela ya kitanda, mais wapi, baridi iliingia tu. Nikaandika barua ingine. Masere aliisoma yote, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Binti, ulifikiri baridi ilikuwa inakaa wapi?" Fundi akarudi na matofali.

Donc mujinga ni mimi, koko yako.

Na unaniambia nawe umeandikia directrice wenu afungue dirisha. Kweli damu haipotei. Sikukatazi, hewa ni kitu muzuri. Mais bulangeti yangu nzito nimemupa dereva wa Butembo leo asubui. Ungoje ifike, ndiyo muite fundi.

Koko yako