Mahfoudh Ameshuka Mlimani

Maskati, Desemba 1970

Mama yangu mpenzi, Bi Mahbuba,

Sisi huku wazima. Mjukuu wako Kheiria kaanza skuli, kila siku anarudi na wino mpaka puani.

Mama, jana mwanao Mahfoudh alibisha hodi. Kashuka kutoka milima ya Dhofar, kule kusini kwenye vita, baada ya serikali kutangaza msamaha kwa waliopigana nayo. Niliogopa kumwambia aingie, maana mume wangu Ghanim ni askari, na risasi ya huko huko ndiyo iliyomlemaza mguu.

Ghanim akaja mlangoni, akasema, "Shemegi, mimi pia nilipiga risasi huko. Ingia ule."

Wakala sinia moja. Leo asubuhi wametoka kumtafutia Mahfoudh kazi, Ghanim kamwegemea begani.

Nnakubusu mikono, mama. Sasa lala usingizi.

Binti yako,
Nasriya