Swali la Mama Rehema wa Ngao

Dada Zawadi mpenzi,

Jua la huku Ngao linaweza kuivisha uji, lakini kwa huyu kambare wa mtoni ungejilamba vidole.

Leo mimi na profesa kutoka Uswidi tulikwenda kuwahoji akina mama wakulima kuhusu haki zao za ardhi. Mmoja wao, Mama Rehema, akazifunika fomu zetu kwa kiganja.

"Kila mwaka mnatuuliza sisi tu. Leo mtaanza kujibu nyinyi. Kwenu, shamba la baba limeandikwa jina la nani?"

"Langu na la kaka yangu," profesa akajibu.

Mimi nikanyamaza. Wote wakanitazama.

Dada, nimechoka kunyamaza. Waambie kina kaka Jumamosi nakuja na kamba ya kupimia sehemu yetu ya shamba la baba. Nawe, kipenzi changu, vaa gambuti unisubiri shambani.

Mdogo wako, Neema