Isale Mkononi mwa Askari

Mwika,
16 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa Godwin,

Shikamoo. Naahidi tangu mstari huu wa kwanza kwamba nitakueleza yote, hata yale ambayo mama angependa yaishie jikoni. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua nzuri haimchoshi msomaji, lakini leo nakuomba uchoke kidogo kwa ajili yangu.

Natumaini u mzima huko Holili mpakani, na kwamba kukimbizana na makaratasi ya malori hakujakukondesha. Sisi hatujambo. Bibi analalamikia magoti tu, na yule ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike. Kahawa ya mwisho tunamalizia kuchuma katikati ya mvua. Mtihani wa kidato cha pili nimeshaufanya, na mwezi ujao nitapata kipaimara, kama Mungu akipenda. Siandiki kwa sababu ya uvivu wa kupiga simu. Ukiona namba ya nyumbani hupokei, nasi tumezoea. Tena ndani ya bahasha hii kuna kiboksi cha kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Tafadhali usikifungue kwanza. Soma.

Ulipoondoka uliniachia sanduku la bati lenye askari wako wadogo wa plastiki, Jeshi la Kihamba ulivyowaita kwa jina la shamba letu la nyumbani, ukaniambia nisimwamini mtu. Nimekutii. Kila Jumamosi nilikuwa nalishusha kutoka juu ya ghala la kahawa, nawapanga askari wako mezani jinsi ulivyokuwa ukiwapanga, nawafuta vumbi kwa ile brashi laini, kisha nawarudisha. Nawajua wote. Namjua yule uliyemkata kichwa kwa wembe ukampa cha mwenzake, na yule mwenye ngao ya kisoda, na wale wapiga mkuki ambao mikuki yao ni vijiti vya meno ulivyovichonga usiku kucha mpaka mama akauliza kama nyumba hii ina meno mangapi. Nafasi ya Jemadari, katikati ya mstari wa mbele, niliiacha wazi. Bado nasikia harufu ya plastiki ya siku ile baba alipomnyakua mezani, mbele ya Primus na wenzako wote, akamtupa motoni akisema kwamba mwanaume aliyemaliza kidato cha sita hachezi na watoto wa bandia. Wewe ulisema hutavuka tena geti letu mpaka akuombe radhi. Yeye akasema hajaona baba wa kumwomba mtoto radhi. Krismasi mbili zimepita, na unajua watu wa hapa wanavyomsema mtoto anayekaa karibu kama Holili na Krismasi hapandi kwao.

Basi, siku moja baada ya mavuno kuanza, nilifungua sanduku nikakuta mpiga mkuki mmoja hana mkuki. Haukuvunjika, kaka. Ulikatwa, sawasawa, kwa kitu chenye makali. Mkononi mwake palikuwa na tone la kitu cha kijani, kama kamasi. Nilidhani ni panya, ingawa sijawahi kuona panya mwenye wembe. Wiki iliyofuata walikuwa watatu, kisha mstari mzima. Wengine vidole vilikuwa vimeyeyushwa na gundi, na mmoja alikuwa amebandikwa mkono kinyumenyume, maskini, kama anayejikuna mgongo.

Niliwashuku watu wengi, na sitakuficha hata mmoja. Wa kwanza alikuwa Primus. Alikuwa amepita hapa kutoka Majengo, Moshi mjini, akasalimia, akanywa mtori bakuli mbili, akauliza kama jeshi lako bado lipo, kwa sauti ya mtu anayeuliza kana kwamba hajali. Nilijua kwamba jeshi lake halijawahi kulishinda lako mezani, nikasema huyu anawanyang'anya silaha askari wako ili awape wake. Baada yake nilikushuku wewe. Nilifikiri labda unapanda kwa siri tukiwa kanisani, unawatengeneza upya askari wako, unashuka bila kumsalimu mtu. Nilimwaga majivu kwenye kizingiti cha ghala nione nyayo. Nitakuambia ukweli, nilitamani ziwe zako. Nilikuta alama za mabuti ya mpira, na mabuti ya mpira hapa kila mtu anayo.

Wakati huo huo ndani ya nyumba kukawa na jambo lingine. Baba alianza kushuka Moshi kila Alhamisi. Alisema ni mambo ya chama cha ushirika, lakini alikuwa akivaa koti la kanisani, na jioni alirudi mikono mitupu. Mama alipolipeleka koti hilo kufuliwa alikuta mfukoni kichupa cha rangi ya kucha. Ya kijani. Alikiweka mezani pembeni ya chumvi. Baba alipokiona alikitia tena mfukoni, tukala ndizi zisizokuwa na ladha. Tangu siku hiyo mama alikuwa akipasua kuni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama Jesse, ambaye ndiye anayekuletea barua hii pamoja na ndizi zake za kuuza, alimweleza mama kwamba amemwona baba yetu, Mzee Eliona, mara mbili akiingia vichochoro vya Majengo, kule kwenye vyumba vya kupanga, akiwa amebeba mkungu wa ndizi mbivu. Akaongeza kwamba mzee wa kanisa hambebei fundi baiskeli ndizi mbivu. Mama alimjibu kwamba huenda anamfuata kinyozi, na Mama Jesse, aliyekwishaambiwa habari ya kichupa, akacheka akauliza kinyozi gani anapaka kucha.

Mimi nilianza kumwogopa baba, kaka. Nilimwona mtu anayeiharibu familia yetu kwa mikono miwili, kwa mmoja anakata mikuki yako na kwa mwingine anampelekea mtu rangi ya kucha. Kwa maana hapo nilikuwa nimeshayaunganisha: kijani kile cha kwenye kichupa ndicho kile cha kwenye mikono ya askari. Kwa nini, sikujua. Niliamini tu kwamba anamalizia polepole kazi aliyoianza siku ya moto.

Alhamisi iliyopita mama alinipa nauli akasema nishuke mjini nikaulize bei ya kitambaa cheupe cha gauni la kipaimara. Hakunitazama usoni aliposema hivyo. Baba alikuwa ameshatangulia. Nilielewa nimetumwa nini.

Nilimwona baba Majengo akikata kona kwenye msikiti, nikamfuata kwa mbali mpaka kwenye kibanda cha Primus cha kutengeneza simu. Nilijibanza kwa fundi cherehani wa jirani, nikajifanya nachagua vifungo. Kaka, sijui nikuandikieje nilichokiona. Baba alikuwa amelitundika koti kwenye msumari, amekaa kwenye kigoda cha wateja, amevaa miwani ya kusomea, na ile taa ya Primus yenye kioo cha kukuzia imemmulika usoni. Kwenye vidole vyake, vile vilivyokatwakatwa na mashine ya kukobolea kahawa, alikuwa ameshika kitu kidogo kuliko punje ya mahindi mabichi, na ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa chekechea. Primus alikuwa anamgombeza. Alimwambia Mzee, unapaka kama unakandika banda la ng'ombe, punguza, brashi iguse tu. Vijana wawili waliokuwa wanasubiri simu zao wakamwita Kamanda, wakamwuliza lini atahitimu. Na baba yetu, ambaye kanisani akikohoa tu watoto wananyamaza, akasema ndiyo mwalimu, akafuta, akaanza tena.

Alipoondoka niliingia kwa hasira zangu zote. Nilimwuliza Primus kama haoni aibu kumfundisha mtu kuharibu mali ya rafiki yake. Alicheka mpaka akakaa. Alisema kumbe mimi ndiye mpelelezi niliyekuwa nachagua vifungo nusu saa kwa shati ambalo sina. Kisha akaacha kucheka, akaniwekea mezani askari mmoja ambaye baba alikuwa amemmaliza siku hiyo na kumwacha akauke, akavuta taa karibu.

Kwa mara ya kwanza niliona vizuri. Kile cha kijani si tone. Ni jani, refu na jembamba, lililokatwa kutoka tyubu ya dawa ya meno, limekunjwa fundo kwenye ncha. Ni isale, kaka. Lile lile tulilolipanda mpakani mwa kihamba, lile ambalo mtu aliyekosa humpelekea yule aliyemkosea akiomba msamaha.

Primus alinieleza yote, ingawa baba alikuwa amemwapisha. Baba alikuja kwake mara ya kwanza akauliza kama Jemadari anaweza kutengenezwa upya. Primus akamwambia hapana, askari wa mtu ni mkono wa mtu, akitengenezwa na mwingine anakuwa mwingine. Baba akauliza ni vigumu kiasi gani kumtoa askari mkuki na kumpa jani. Primus ni Mchagga kama sisi, hata kama anasali kwa Wakatoliki, akaelewa palepale. Alimwambia isale moja linatosha, asijitese. Baba akasema alikosa mbele ya watu, na jeshi lile lote lilikuwa mezani linamwona, kwa hiyo watabeba wote. Wale wa mwanzo walioyeyuka vidole ndiyo masomo yake ya kwanza.

Nilipofika nyumbani mama hakuniuliza bei ya kitambaa. Nilimwambia kwamba baba hana mtu Majengo, ana askari. Aligeuka akachochea moto kwa muda, na jioni ndizi zilikuwa na nyama.

Bibi nilimwuliza kama baba anaweza kumpa mtoto wake isale. Kwanza alinishuku mimi, akataka kujua nimefanya nini shuleni na kijana gani. Nilipomwapia kuwa si mimi, alisema hajawahi kuliona jambo hilo tangu azaliwe, lakini isale halikataliwi, na anayelikataa kosa linahamia kwake. Akasema pia kwamba halijileti lenyewe. Lazima awepo mtu wa kulipeleka.

Hapo ndipo penye tatizo, kaka. Baba hajamtuma mtu. Amewaweka sandukuni wote isipokuwa huyo mmoja, amefunga, na nadhani anangoja siku utakayofungua mwenyewe, hata kama ni baada ya yeye kufa. Jana usiku baada ya sala aliniuliza tu kama magari ya Himo kwenda Holili bado ni mengi. Nikasema ni mengi. Akasema sawa, akaenda kulala.

Sasa fungua kiboksi. Huyo nimemkuta leo asubuhi katikati ya mstari wa mbele, pale nilipokuwa nimepaacha wazi. Hakutengenezwa kwa plastiki. Amechongwa kutoka tawi la mti wa kahawa, jicho moja ni kubwa kuliko jingine, na ana mabuti ya mpira na ile kofia ya baba unayoijua. Isale amelishika kwa mikono yote miwili. Nimemchukua bila kutumwa, na nimelia nilipomfunga uzi. Alhamisi baba atafungua sanduku kuweka askari wake wa mwisho, atakuta nafasi ile tupu, na atanitazama mimi.

Mama na Bibi wanakusalimu sana, na Primus anasema jeshi lako bado halijamshinda tangu ulipokimbia. Mama Jesse atakaa sokoni hapo mpaka mchana akingoja jibu lako. Hata kipande cha karatasi kinatosha. Niambie, kaka: baba akiniuliza yule wa mbele yuko wapi, nimwambie umempokea?

Mdogo wako akupendaye,
Aikaeli