Nilivyomshuhudia Bakari

Taru

Kwa mdogo wangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Sikuugua, wala posta haikufungwa. Kila niliposhika kalamu niliishia kwenye salamu, kisha nikaichana karatasi. Shikamoo uliyonitumia kwa mwanao Hamisi imenifikia, nami nimeiitikia. Kifua chako kinaendeleaje? Umekwenda hospitali hapo Msambweni, au bado unajitibu kwa mafusho?

Mimi ni mzima wa mwili. Watoto wa chuo cha Kurani wananitii, na wazazi wao wananiheshimu. Lakini mtu anayeheshimiwa sana hakaribishwi kula. Nimezoea kupika wali wa mtu mmoja, ingawa kila mara hubaki. Siku ya Uhuru, bendera mpya ilipopandishwa kwa chifu, watu walikumbatiana. Mimi nilipewa mkono.

Mwezi uliopita alifariki Omari, mchinjaji wa hapa. Alikuwa mgomvi na mwongo wa kuapa, na swala ya Ijumaa aliijua kwa kuisikia tu. Kwa kuwa hapa hakuna mwalimu mwingine, nilimwosha na kumkafini. Jeneza lilipokuwa uani, tayari kuinuliwa, niliuliza kama ilivyo desturi yetu: "Mnamshuhudia vipi maiti huyu?"

Wanaume walitazama ndara miguuni mwao. Ndipo sauti ilipotoka upande wa jikoni, walikokaa wanawake. Alikuwa Mama Mbeyu, bibi wa Kiduruma anayeuza maziwa, ambaye hajapata kuingia msikitini maishani mwake.

"We mwalimu, hawa wamekatwa ndimi? Omari ni mtu mwema!"

"Nyamaza, bibi, wewe si Muislamu," mpwa wa Omari akamkemea.

"Kwani nimeulizwa dini yangu? Nimeulizwa Omari! Mwaka wa ukame nani aliniletea vichwa vya mbuzi, nikawachemshia wajukuu? Wewe? Wewe hata mkia hukuleta!"

Watu wakacheka mbele ya maiti, Mungu atusamehe. Kisha wakasema kwa sauti moja, "Mtu mwema! Mtu mwema! Mtu mwema!" Tukambeba.

Mwanaisha, mimi sikucheka. Niliuona tena ua wa nyumba yako, siku ile ya maziko. Mumeo Bakari alikuwa amelala katika jeneza, imamu akauliza swali lile lile, na kabla mtu hajafungua kinywa nikasema mimi: "Namjua kwa ulevi wa tembo la mnazi." Nilikuwa shemeji yake na mwalimu wa nusu ya waliokuwapo, nani angethubutu kusema baada yangu? Bakari akaenda kaburini bila kushuhudiwa wema na mtu hata mmoja. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini sikusema kweli yote. Sikusema kwamba yeye ndiye aliyemgeuza mama yetu kitandani alipokuwa hajiwezi, huku mimi nikiwa chuoni nikifundisha adabu. Uliacha tu kuniletea futari. Nikahamia huku, nikawaambia watu kwamba Taru inahitaji mwalimu.

Tangu maziko ya Omari nimekuwa nikiomba kwa namna nisiyoizoea. Zamani niliomba kama mtu anayedai haki yake. Sasa najua kwamba sina haki yoyote, na ajabu ni kwamba sasa ndipo ninapoomba kwa matumaini. Mola aliyempatia Omari shahidi kutoka jikoni hashindwi kunifungulia mimi mlango. Nalia, Mwanaisha, na hapa hakuna wa kuniuliza kwa nini. Lakini nimefundisha miaka mingi kwamba haki ya mja sharti mja mwenyewe aisamehe. Bakari hayupo. Upo wewe, na wapo watoto wake.

Juzi lori analofanyia kazi Hamisi lilisimama hapa kutia maji, naye akaruka chini kuniletea maneno yako. "Mjomba, tunamsomea baba hitima. Mama amesema uje uisome wewe."

"Alisema kwa uso gani?"

"Alikuwa akikuna nazi, Mjomba. Uso sikuuona! Kwani unaogopa?"

Nikamwambia kwamba dereva wake anamwita.

Kuja nataka. Ninalolipima ni hili: je, nije kabla ya hitima, nikuombe radhi ndani, wewe na watoto peke yenu? Au nisimame uani, mbele ya wale wale walionisikia, nitengue niliyoyasema kwa sauti ile ile? Elimu yangu inaniambia kwamba neno lililosemwa hadharani hutenguliwa hadharani. Nafsi yangu inakataa. Nimekuwa mtu wa kusahihisha wengine tangu ujana, na sijui mtu husimama vipi kusahihishwa.

Nisalimie shangazi yetu, wa pekee aliyebaki upande wa baba. Umwambie macho yangu yangali yanaona. Msalimie jirani yako mshona kofia. Imamu mpe salamu zangu, na asiponiitikia usimlaumu. Wanao wote uwabusu, hata wale ambao wameshaota ndevu.

Nikishaamua, nitakuandikia mara moja, na safari hii sitaichana karatasi. Siku zikipita bila barua, tafadhali usidhani kwamba nimekataa. Ujue kwamba naogopa, na uniombee.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Athumani