Mkono Mbele ya Jua

Mshauri mpendwa, sasa hivi tu mwanangu Kozue ametoka barazani akageuza uso kulielekea jua, akanyanyua mkono akatanua vidole na kuvipepesa mbele ya macho, harakaharaka kama mtu anayefukuza inzi, kope zikacheza, kinywa kikalegea, akatabasamu, akaondoka. Miguu yake ilikuwa palepale kwenye mbao za baraza, ila mwenyewe hakuwapo, nikamwita Kozue, Kozue, mama yuko hapa, wapi. Aliporudi alinitazama kama mtu anayelitafuta jina langu, halafu akaomba chenza.

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, shule niliiacha mapema. Naitwa Hatsumi, tunakaa mlimani Uwajima kwenye mashamba ya machenza, mimi na mtoto wangu wa miaka minne na mama mkwe wangu, Mama Fusae, mume wangu yuko kwenye meli ya mizigo. Baba mkwe alipokuwa hai alikuwa akipanda hadi matuta ya juu asubuhi, na jua likichomoza nyuma yake anampungia Kozue mkono, na Kozue akiwa barazani anampungia. Mzee alitutoka mwaka jana katikati ya mavuno, lakini mtoto akaendelea kupunga, ila mkono ukawa unasogea karibu na macho kila kukicha, na mama mkwe, ambaye asubuhi hupiga makofi mawili akaliinamia jua kusali, akaniita kwa furaha, "Hatsumi, njoo uone! Anampungia babu yake, na babu anamjibu, tazama anavyotabasamu!" Tangu hapo mtoto akizinduka anaulizwa, "Haya, babu kasema nini leo?" Na Kozue, anavyojua kupendwa, anajibu, "Kasema Bibi avae soksi." Mama mkwe anacheka mpaka anajifuta macho kwa aproni, "Ndiye huyohuyo! Mzee yule na soksi zake!" na kummenyea chenza tamu kuliko yote.

Mimi nilinyamaza, mshauri, kwa kuwa nyumba ilikuwa imepata kicheko tena. Lakini juzi Kozue alikuwa akipepesa vile vidole kando ya mfereji wa maji, akaanguka, akakakamaa, akatetemeka mwili mzima, nikamwokota midomo imekuwa ya buluu. Daktari akasema huenda ni kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumetameta, kwamba vidole vyake vinalikatakata jua na ubongo wake haustahimili, apimwe ubongo huku akimulikwa taa inayowaka na kuzima upesiupesi. Mama mkwe akaja juu, "Wamwashie mtoto taa makusudi? Halafu wampe dawa za kumfungia babu yake mlango? Labda mimi niwe nimekufa!" Mume wangu kwenye simu akasema, "Msikilize mama, nikirudi tutaongea," na simu ikakatika.

Sitaki kumnyang'anya mama mkwe mumewe mara ya pili. Ila nina kiu ya mwanangu, mshauri, nina kiu naye hata akiwa mapajani mwangu. Huko aendako anatabasamu tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa, nami nabaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango anasikia ngoma inachezwa ndani. Atapona, moyo unaniambia hivyo, iko siku nitapata asubuhi nzima ananitazama mimi tu. Je, nimpeleke kwenye kipimo bila idhini ya mama mkwe, au ningoje baba yake, na hiyo taa haitamdhuru, na dawa zikimwondolea lile tabasamu atabaki na nini cha, ngoja, naitwa, "We Hatsumi! Njoo upesi, mtoto kaenda tena, safari hii hata mkono

* * *

Hatsumi binti yangu,

Nilipofika hapo niligeuza karatasi kutafuta maneno yaliyobaki, sikuyaona. Sijui ulikuta nini barazani, na sina raha. Kwa hiyo sitakubembeleza sana.

Pole. Kunyamaza kwa ajili ya kicheko cha mjane kunaeleweka, lakini mtoto keshaanguka kando ya mfereji. Unamngoja mtu aliye baharini akupe ruhusa ya nini? Mpeleke wiki hii.

Taa ya kipimo isikutishe. Mtoto atabandikwa nyaya kichwani, haziumi, atamulikwa kidogokidogo huku mtaalamu akitazama mistari ya ubongo wake. Mistari ikianza kwenda mrama, taa inazimwa. Hatari iko barazani kwenu, ambako hakuna wa kulizima jua.

Mpaka siku hiyo mvalishe kofia yenye ukingo mpana na asubuhi mkae upande wa kivuli. Akiinua mkono, usimfokee, huo si utundu, huenda hata yeye hawezi kuuzuia. Ushike, mgeuzie kifuani kwako. Mwanga wa kumetameta ukimkuta ghafla, mzibe jicho moja kwa kiganja, hata hilo moja hupunguza makali, kisha mwondoe hapo. Akianguka mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, na zikipita dakika tano hajatulia, ita gari la wagonjwa. Akipewa dawa, anywe kila siku, hata ukimwona mzima. Na yale machenza ya kumtuza kila anapozinduka yakome leo!

Tabasamu unaliogopea bure. Mtoto anayetunga habari za soksi ili bibi yake acheke hawezi kuishiwa tabasamu, na hilo la soksi alilitoa akiwa macho, akiwaona.

Sasa Mama Fusae. Huyo si adui yako, ni mwenye kiu kama wewe. Mwambie kwa adabu kwamba marehemu hahitaji mjukuu azimie ndipo atume salamu. Picha yake bila shaka iko ndani, na chai yake anawekewa kila asubuhi kama ilivyo desturi yetu, azungumze naye pale. Usimtoroshe mtoto kwa siri. Mwombe bibi aje hospitali, aketi humohumo chumbani, aione mistari ikivurugika kwa taa tu, pasipo jua, pasipo mlima, pasipo mzee wake. Akikataa kuja, nenda bila yeye. Akija, ujue kwamba siku hiyo atakuwa amefiwa upya. Mkitoka mlangoni mshike mkono, na usithubutu kumwambia, "Si nilisema?"